Vipimo Safi, Mwili Bado Unauma

Mpenzi msomaji, u hali gani? Na mwenzio je, hajambo? Nauliza taratibu kwa sababu mwezi huu safu yako naiandikia ukweni, Makere, na huku salamu si kitu cha kupita nacho mbio.

Makere iko kwenye barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, mkoani Kigoma. Najua ukisikia Kigoma unafikiria ziwa, migebuka na mawese. Huku ni juu kwenye vilima, asubuhi unatoka na sweta, na mezani ni maharage na ugali wa muhogo. Wenyeji, Waha, wanasalimia kwa kituo: habari yako, ya mume, ya watoto, ya kazi, ya wale uliowaacha mjini. Baada ya kila swali wanasubiri jibu. Sisi wa mjini ni "mambo?", "poa", kila mtu ameshashika njia yake.

Kwa wiki mbili nilizokaa hapa nimekuwa nikisikiliza majibu ya salamu hizo, na jamani, yanafanana. "Sijambo, ila kichwa." "Tupo, ila mgongo unawaka moto." "Moyo unanienda mbio, sijui ni presha?" "Mwili hauna nguvu kabisa." Ukikaa, chai ikaja, ukauliza tena, ndipo yanatoka mengine: mume alikwenda Dar na tangu Pasaka hajapiga simu, shamba lina kesi, binti karudi nyumbani na mimba. Mtu anaanza na mwili. Yaliyobaki yanakuja baadaye, kama msikilizaji bado yupo.

Sasa usicheke ukadhani ni mambo ya kijijini. Wewe uliyeko ofisini Posta, unayemeza panadoli mbili kila ikifika saa nane mchana, ukapimwa macho, ukabadilisha miwani, ukaacha kahawa, na kichwa kikabaki palepale, ni wewe ninayekuandikia. Na wewe ambaye mwenzio kila wikiendi ana tumbo, kila Jumatatu ana kifua, na umeshaanza kujiuliza kama anakufanyia maigizo, endelea kusoma.

Mwaka 1999 jarida moja kubwa la kitabibu la Marekani lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa chini ya Shirika la Afya Duniani. Zaidi ya wagonjwa 25,000 walichunguzwa katika vituo vya kawaida vya tiba, vituo 15 katika nchi 14, kuanzia Ibadan kule Nigeria hadi Seattle. Hawa hawakuwa watu waliokwenda kwa daktari wa akili. Walikwenda kwa daktari wa kawaida, kama wewe unavyokwenda na homa yako. Kati yao 1,146 walionekana kuwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito unaomnyima mtu usingizi, hamu na nguvu. Na kati ya hao wenye sonona, asilimia 69 walieleza dalili za mwili tu. Kichwa, mgongo, tumbo, uchovu. Hakuna aliyesema "nina huzuni".

Lakini kuna tarakimu nyingine kwenye utafiti huohuo ambayo mimi naipenda zaidi, na nashangaa haitajwi sana. Wagonjwa hao walipoulizwa moja kwa moja kuhusu huzuni, mawazo na kukosa raha, ni asilimia 11 tu waliokana. Yaani karibu tisa kati ya kumi walikuwa tayari kusema. Walikuwa wanasubiri kuulizwa.

Haya, nikupe kisa. Wahusika wamenipa ruhusa, majina wakaniomba niyaache, nami nimeyaacha.

Ni ndugu wa upande wa mume wangu, kijana wa miaka 33, mfanyakazi wa benki. Mkewe ni mwalimu wa sekondari. Wana mtoto mmoja, kiwanja kimoja na picha kubwa ya harusi sebuleni. Wale watu ukiwaona kanisani unasema hawa wamepangika. Mwaka jana kijana akaanza kuamka usiku wa manane, kifua kimebana, moyo unadunda kama ngoma, vidole vinakufa ganzi, jasho. Anakaa kitandani hadi alfajiri akisubiri kufa. Asubuhi anavaa tai anakwenda kazini.

Akapima malaria, hakuna. Akapima taifodi, akaambiwa ipo, akachomwa sindano. Hali ikabaki ileile, akapima kwingine, taifodi "bado ipo", sindano tena. Nitie neno hapa: kile kipimo cha taifodi cha tone la damu kinachopendwa sana mitaani kinaweza kabisa kusema "ndiyo" kwa mtu ambaye hana taifodi, kwa hiyo ukiona unatibiwa taifodi mara tatu kwa mwaka, uliza maswali. Zikafuata dawa za vidonda vya tumbo. Ikafuata ile inayoitwa yuti-ai sugu. Picha ya kifua, safi. Kipimo cha umeme wa moyo, safi. Utrasaundi ya tumbo, safi. Kwa miezi minane alizunguka na bahasha ya kaki iliyojaa majibu, na mwishoni kwenye hospitali moja daktari akaipekua, akaifunga na kumwambia, "Kijana, wewe huna kitu. Nenda nyumbani."

Neno hilo "huna kitu" ndilo lililoleta moto ndani ya nyumba. Yeye alilisikia hivi: ugonjwa wangu ni mkubwa hadi wanaogopa kunitajia. Akaanza kupanga kimyakimya nani atabaki na kiwanja. Mkewe, naye alikuwepo siku hiyo, alilisikia hivi: kumbe ananidanganya. Huna kitu, halafu usiku hulali, ukiguswa unashtuka, na mshahara haufiki nyumbani wote? Mwanamke yeyote angefikiria kilekile alichofikiria. Ndoa ikaanza kuoza kwa sababu ya majibu mazuri ya maabara. Hebu fikiria.

Tumwache kidogo kijana wetu na moyo wake, tuingie ndani ya mwili, maana hapa ndipo wengi tunapoteleza. Tunadhani kuna aina mbili za maumivu: ya kweli, yanayoonekana kwenye kipimo, na ya uongo, ya kichwani. Hapana, maumivu ni maumivu. Mtu akiwa na hofu ya muda mrefu, mwili unabaki kwenye hali ya kujihami. Adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, misuli ya shingo na mabega inakaza kutwa nzima hadi kichwa kinauma. Pumzi zinakuwa fupifupi na za harakaharaka, hewa ya kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, na hapo vidole na midomo vinakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Tumbo nalo lina mishipa mingi ya fahamu, linabana, linawaka, linaharisha. Yote hayo yanatokea kweli. Hakuna mtu anayeyaigiza.

Umewahi kuegesha gari jirani na lile la jamaa ambalo king'ora kinalia hata paka akipita? Fundi akilikagua, injini nzima, breki nzima, na mwizi hayupo. Lakini kelele unaisikia, na mtaa mzima haujalala. Kipimo cha umeme wa moyo kinakagua injini, na king'ora hakimo kwenye bahasha ya kaki.

Na tusijifanye kama jambo hili limeletwa juzi na watu wa semina. Nchi yetu ina kisa chake ambacho kinafundishwa duniani kote. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Ikaenea. Kati ya wanafunzi 159, 95 walipatwa, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana wakarudi makwao, na kicheko kikawafuata: kijijini Nshamba watu 217 walipatwa, wengi wao vijana. Wengine kilidumu saa chache, wengine siku kadhaa, hadi 16. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza damu, wakachunguza maji ya uti wa mgongo, wakachunguza chakula kama kina sumu. Hawakupata kitu. Hakuna aliyekufa. Mwaka 1963 walichapisha taarifa yao.

Watu hukisimulia kisa hiki kama kichekesho, ugonjwa wa kucheka, ha ha. Mimi sikioni hivyo. Wale walikuwa wasichana wadogo, mbali na mama zao, kwenye bweni lenye nidhamu kali, nchi inabadilika juu ya vichwa vyao, na wasingeweza kumwambia mwalimu "nimechoka, nataka kurudi nyumbani". Hadi leo tunasikia wasichana wa shule fulani wameanguka, wanapiga kelele, wazazi wanaita mchungaji au shehe, na gazeti linaandika "mapepo". Mara ngapi umesoma kwamba mtu aliwauliza wasichana wenyewe bwenini kunaendaje?

Hapa Makere penyewe, kwa kuwa ndipo nilipo, kuna somo lingine. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini, iko upande huu huu. Mwaka 2015 walipokuja Warundi, ilikuwa na zaidi ya watu 150,000, moja ya kambi kubwa kabisa duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili na wenzao wa Johns Hopkins walifanya kazi humo na wanawake wa Kikongo waliopigwa na wenzi wao. Kabla ya kuwaletea maneno ya vitabuni waliwauliza wanawake wenyewe wanayaitaje yale wanayopitia. Majibu yalikuwa ya Kiswahili cha kila siku: huzuni, msongo wa mawazo, hofu. Mradi wenyewe wakauita Nguvu, na vikundi vya wanawake vikaongozwa na wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo.

Unaona? Maneno tunayo. Majirani zetu Wanyarwanda nao wanalo lao, ihahamuka, lililotumika sana baada ya mauaji ya 1994, na ndani yake kuna hofu na kukosa pumzi kwa pamoja, mwili na roho ndani ya neno moja. Sisi Waswahili tunasema moyo umeniruka, tumbo joto, nimechoka akili, roho haijatulia. Lugha zetu hazikuwahi kutenganisha. Tunatenganisha tukifika dirishani kwa mapokezi, pale tunapoulizwa "unaumwa nini?" na nyuma yetu kuna foleni ya watu arobaini.

Ndiyo maana sishangai watu wanakimbilia kwa waganga wa jadi. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Dar es Salaam, ukiongozwa na Ngoma, uliolinganisha wagonjwa wa kliniki za kawaida na wagonjwa wa waganga. Kwenye kliniki, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya afya ya akili, yaani hofu na sonona. Kwa waganga ilikuwa asilimia 48. Karibu nusu ya waliokaa kwenye mkeka wa mganga! Na mganga, tuseme ukweli, anafanya kitu kimoja ambacho daktari wako hafanyi. Anakuuliza habari za nyumbani. Anataka kujua baba yako mkubwa mligombania nini, shemeji yako anakuchukuliaje, kabla hujapatwa na haya kulitokea nini. Shida yangu naye inakuja kwenye jibu, maana mara nyingi linakuwa na jina la mtu: jirani, mama wa kambo, mke mwenza. Unakwenda na kichwa kimoja kinachouma, unarudi na familia iliyovunjika.

Upande wa pili kuna hofu ya Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma imefanya kazi kubwa, lakini mitaani jina lake limekuwa tusi. Mwambie mtu "ungezungumza na mtu wa afya ya akili" uone anavyoruka: "Unanipeleka Mirembe? Mimi kichaa?" Basi anaona bora alipie utrasaundi ya nne kuliko kujibu swali moja.

Turudi kwa kijana wetu. Aliyemsaidia hakuwa bingwa. Alikuwa tabibu wa zahanati ya kawaida, mwanamama wa makamo, ambaye kijana alimwendea kuomba rufaa nyingine tu ili aende kupimwa moyo mkoa mwingine. Yule mama hakukataa. Akapitia ile bahasha karatasi moja baada ya nyingine, akampima presha, akamsikiliza kifua. Halafu akasema, nanukuu kama nilivyosimuliwa, "Baba, maumivu haya nayaamini. Yalianza lini hasa? Na wakati huo nyumbani kulikuwa na nini?"

Kijana akainama, akalia. Mwanamume mzima, tai shingoni.

Miezi minane nyuma alimdhamini mdogo wake mkopo. Mdogo wake akachukua hela, akavuka mpaka, simu haipatikani. Kila mwezi mshahara ukiingia unakatwa, na mke hajui. Moyo ulianza kwenda mbio wiki ile ya makato ya kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuyaweka pamoja mambo hayo mawili. Na mtu wa kumwambia hakuwepo, maana yeye ndiye kifungua mimba, yeye ndiye wa benki, wote wanamtegemea. Angemwambia nani?

Jioni ile alimwambia mkewe. Sitakudanganya kwamba walikumbatiana. Mwalimu alikwenda kulala kwa dada yake siku nne, na kwa kweli alikuwa na haki ya kukasirika, deni la siri ni deni la wawili. Lakini aliporudi alisema afadhali. Alikuwa amejiandaa kusikia habari za mwanamke mwingine au za virusi, na deni lina mwisho wake. Walipanga upya bajeti. Kijana alirudi kwa tabibu kila baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi. Kifua bado kinambana, hasa tarehe zile za mshahara, lakini sasa anajua kinachokuja, anakaa chini, anavuta pumzi polepole, na kinapita. Bahasha ya kaki iko juu ya kabati.

Alichofanya yule mama, kumbe, ndicho kilichoandikwa kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoa huduma wasio mabingwa. Ukisoma sehemu inayohusu watu wenye dalili za mwili zisizo na maelezo, inasema mambo ya kawaida kabisa: chunguza kwanza kama kuna ugonjwa wa mwili, usimwambie mgonjwa kwamba anajifikiria tu, usiendelee kumrundikia vipimo visivyohitajika, usimchome sindano za vitamini za kumridhisha, muulize kuhusu maisha yake, mpangie siku ya kurudi. Hiyo ya siku ya kurudi ni ndogo lakini ina uzito. Mgonjwa anayejua ataonwa tena Jumanne ya tarehe fulani hana haja ya kuamka saa nane usiku kutafuta bodaboda impeleke dharura.

Ila ngoja, kuna kosa la upande wa pili nalo linaniudhi mno. Ni lile la kumbandika mtu "stresi" kabla hajaguswa. Wanawake hasa ndio waathirika. Dada analalamika tumbo la chini mwaka mzima, anaambiwa "olewa litaisha", kumbe ana ugonjwa wa kizazi. Kuna upungufu wa damu, kuna tezi la shingo, kuna kisukari, vyote vinaleta uchovu na moyo kwenda mbio, na vyote vina vipimo. Kwa hiyo pima, lakini pima mara moja vizuri. Na kuna dalili ambazo hazina mjadala: kifua kinachouma ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika, kichwa kilichouma ghafla kuliko siku zote za maisha yako, upande mmoja wa mwili kulegea, damu kwenye choo, kukonda bila sababu, homa isiyokatika. Hapo kimbia hospitali, gazeti liache mezani. Tena vitu hivi viwili vinaweza kukaa pamoja. Mtu mwenye kisukari anaweza kuwa na sonona, na sonona ikamfanya aache dawa za kisukari.

Sasa wewe mwenzi wake. Najua umechoka. Kuishi na mtu anayeumwa kila siku bila jina la ugonjwa kunachosha kuliko kuuguza malaria. Lakini kauli ya "wewe unajisingizia" ukishaitoa huwezi kuirudisha, na haijawahi kumponya mtu. Jaribu kauli ya yule mama wa zahanati. Naamini unaumwa. Ilianza lini? Usiulize mbele ya mama mkwe, wala mkiwa kwenye daladala. Uliza mkiwa wawili, simu zimewekwa pembeni, halafu nyamaza. Wanaume wengi wanaongea vizuri zaidi mkiwa mnatembea au mkiosha gari kuliko mkikaa uso kwa uso, sijui kwa nini. Na akikuambia, usikimbilie kumpa ufumbuzi dakika ileile. Mwende pamoja kwa daktari, na wewe ueleze unayoyaona: halali, hali, ameacha kucheka na mtoto. Daktari anahitaji kusikia hayo kuliko kuona bahasha.

Tiba ipo, na nyingi si vidonge. Kule Harare, Zimbabwe, wana neno lao kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wakafundishwa kusikiliza watu na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Wanakaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, na ndipo lilipotoka jina la Benchi la Urafiki. Mwaka 2016 utafiti wao uliohusisha watu 573 ulichapishwa, na waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Wengine watahitaji dawa, na dawa hizo zipo hapa nchini na zinaandikwa na daktari. Zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, usizikatishe siku ya tano. Lakini tafadhali sana, usinunue valiamu duka la dawa kwa ushauri wa shoga yako. Italeta usingizi leo, na baada ya wiki chache utashindwa kulala bila hiyo.

Kama huzuni, kukosa usingizi na kukosa hamu vimezidi wiki mbili mfululizo, sema neno hilo kwa daktari wa kawaida, yule wa homa, usisubiri bingwa. Hospitali nyingi za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na pale zahanati wanaweza kukuandikia rufaa. Na mwenzio akianza kusema bora afe, au anagawa vitu vyake bila sababu, usimwache peke yake usiku huo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Ukiwa na kisa kama cha benki na bahasha, niandikie, jina lako nitalifunga kabatini. Mwezi ujao tutazungumzia mikopo ambayo mwenzio haijui. Barua zenu zimeshaanza kuingia, na nyingine, jamani, zina tarakimu za kutisha.